Leodgar wa Zimamoto na Mwano Usioitikiwa Mwabugalu

Wasikilizaji wapendwa, mlio nyumbani na mlio safarini, na ninyi mliobanana kwenye kibaraza cha duka mkisikiliza redio ya mwenye duka, nawasalimu. Sogezeni vigoda. Leo tunamkumbuka mzimamoto.

Jina lake ni Leodgar Gregory. Alikuwa wa kikosi cha zimamoto cha mji wa Shinyanga. Amefariki mwezi uliopita, mwaka huu wa themanini na tisa, kwa ugonjwa wa kifua. Amezikwa kijijini Mwabugalu, njia ya kwenda Mhunze, katikati ya kaburi la mama yake na kaburi la mke wake. Makaburi hayo mawili ya kwanza ndiyo yatakayotuchukua jioni hii.

Nasema mapema ili nisilaumiwe. Kama umewasha redio upate cha kuchekea, leo umebisha hodi nyumba siyo.

Baba yake, mzee Gregory, alikuwa Msumbwa wa Ushirombo. Alikuja huku kutafuta kazi kwenye mgodi wa almasi wa Mwadui, na alipochoka na kazi za watu akaomba shamba Mwabugalu. Akapewa. Akajenga, akalima pamba, akafuga, akafa, akazikwa. Lakini kijiji kina kumbukumbu ndefu. Mpaka mjukuu wake alipozaliwa pale, bado palikuwa panaitwa kwa Wasumbwa. Likumbukeni hilo, tutalihitaji.

Leodgar naye alianzia Mwadui. Huko ndiko alikojifunza kushika mpira wa maji, kupanda ngazi na kutambaa chini ya moshi. Katikati ya miaka ya sitini akahamia mjini Shinyanga. Mji ulikuwa na gari moja tu la zimamoto, Bedford jekundu, zito, lenye king'ora cha kuamsha wafu na mwendo wa kuwasindikiza. Watu wa sokoni waliwatania zimamoto kwa jina la wachota majivu, kwa sababu, walisema, gari lile hufika moto ukiwa umeshamaliza kazi yake. Leodgar alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kucheka siku zile.

Kicheko kilianza kupungua mwaka wa sabini na nne. Godauni la pamba liliwaka mjini mchana kweupe, na kila mwenye sare akaenda. Tatizo ni kwamba kila mmoja alienda kivyake. Polisi waliotangulia waliegesha gari langoni wakaanza kumwaga maji kwa ndoo. Bedford likafika, likakosa pa kupita. Gari la wagonjwa likafika nyuma ya umati, likakwama huko huko. Kibarua mmoja alikuwa ametolewa ndani akiwa hai. Akalazwa chini, kwenye vumbi, akawa anaomba maji. Kila mtu akadhani mwenzake ndiye anayemhudumia. Mpaka mtu mmoja alipoinama kumtazama, alikuwa ameacha kuomba.

Leodgar aliisimulia habari ile maisha yake yote kwa maneno yale yale: "Tulikuwepo wote. Amekufa katikati yetu."

Baada ya hapo ndipo alipoanzisha kitu ambacho watu wa mjini walikiita baraza la michembe. Hakikuwa na ofisi wala muhuri. Kilikuwa meza ya mgahawa mmoja karibu na stesheni ya treni. Walikaa hapo Leodgar wa zimamoto, Sajini Herman wa polisi, na Nesi Salvina aliyekuwa akitoka na gari la wagonjwa. Wakinywa chai, wakitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu mkate ulikuwa haupatikani, walipanga. Atakayepata habari kwanza awaambie wengine kabla ya kuwasha gari. Polisi wafungue njia na wazuie umati, moto wawaachie zimamoto. Nesi akae upande unakotoka upepo, na majeruhi wapelekwe kwake, asiende yeye kuwatafuta motoni. Wakikosana mbele za watu, wakosane kimya kimya.

Sajini Herman, ambaye sasa amestaafu, anasema: "Yalikuwa mambo ya kawaida kabisa. Lakini kabla ya Leodgar hakuna aliyekuwa ameyasema. Alikuwa anapenda kusema, kidole kimoja hakivunji chawa. Tukawa tunamwambia, wewe na chawa zako, hebu pitisha sukari."

Sasa, wasikilizaji wapendwa, mji ni mji. Je, vijijini? Kijiji hakina simu. Bedford lile likifika kijijini linakuta kweli ni majivu. Leodgar akaona meza yake ina miguu mitatu, na mguu wa nne ni jirani. Na jirani wa Usukumani tayari ana king'ora chake, kilichokuwepo kabla Bedford halijatengenezwa. Kinaitwa mwano.

Mwano ni yowe la kuomba msaada. Likipigwa, kila mwanaume mwenye nguvu anaacha alichoshika. Anayekula anaacha ugali, anayenyoa anaacha kichwa nusu. Anachukua upinde au fimbo, anakimbilia sauti. Haulizi ni nani. Kwanza unafika, kuuliza baadaye.

Leodgar akazunguka vijiji akifundisha mwano wa moto. Acheni pinde, bebeni ndoo, mchanga na matawi mabichi. Toeni watu kwanza, vitu baadaye. Kisha fungueni njia ya gari. Alikuwa na misemo miwili aliyoirudia mpaka watoto wakawa wanaiimba. Wa kwanza: "Fimbo ya mbali haiui nyoka. Sisi ni wa pili, wa kwanza ni jirani." Wa pili: "Kaa la moto lisilale ndani ya nyumba."

Na alipokuwa akifundisha pale kwao Mwabugalu, aliyesimama mbele kuwaonyesha wanawake namna ya kupiga mwano bila aibu alikuwa mke wake, Euphrasia. Alikuwa na sauti, mama yule. Akipiga mwano wa mfano tu, ng'ombe waliinua vichwa ng'ambo ya lambo la maji. Watu walishangilia. Wote walimsikia. Naomba hilo nalo mlikumbuke.

Tufike sasa mwaka wa themanini na tatu.

Mnaujua mwaka ule. Duka lilikuwa na rafu na mwenye duka, basi. Sabuni ilikuwa ya kuotea ndoto. Kiberiti kilikuwa adimu kiasi kwamba hata kule Geita, watu waliokuwa wakichimbua dhahabu ardhini walikuwa wakiulizana nani ana njiti. Na mifugo ilikuwa inaibwa. Wezi walikuja na silaha, wakaswaga mazizi mazima. Ndipo vijiji vikaunda walinzi wao wa jadi, hawa tunaowaita sungusungu, kila kijiji na mtemi wake na amri zake. Walifanya mengi mema, sitawanyang'anya sifa yao. Mwabugalu, mtemi wa walinzi alikuwa mzee Mageni.

Siku moja ya kiangazi, mapipa ya petroli yalishika moto karibu na stesheni, mjini Shinyanga. Lilikuwa jambo la kutisha. Herman akafungua njia, Salvina akakaa upande wa upepo, Leodgar na wenzake wakaingia na mchanga na maji. Hakufa mtu. Hata mbuzi hakufa. Ilikuwa siku ya fahari ya baraza la michembe.

Siku ile ile, Mwabugalu ulipigwa mwano. Wezi walikuwa wameingia. Wanaume wote wakatoka na pinde wakawafuata porini. Wanaume wote, isipokuwa Leodgar. Asingeweza kutoka. Alikuwa mjini, ndani ya moshi, kazini. Narudia ili pasiwe na utata: siku ya mwano ule, Leodgar alikuwa kazini akiokoa watu.

Kijiji kilikuwa na amri. Asiyeitikia mwano anatoa mbuzi, anaomba radhi, yanaisha. Leodgar angekwenda barazani peke yake, akainamisha kichwa, akaeleza. Huenda wangemwachia hata huyo mbuzi. Lakini Leodgar alikuwa mtu wa ushirikiano. Akaona njia bora ni kwenda na shahidi. Akamchukua rafiki yake Herman, sajini wa polisi, akiwa na sare.

Ndugu zangu, hata kama kosa angelitafuta kwa tochi, asingepata kubwa kuliko hilo. Wanakijiji wale walikuwa wameunda ulinzi wao kwa sababu moja: hawakuwaamini polisi. Walisema mwizi wakimkabidhi leo, kesho kutwa wanapishana naye mnadani. Sisemi ni kweli, wala sisemi si kweli. Nasema ndivyo walivyoamini. Na mbele yao anasimama mwana wa Wasumbwa, asiyeitikia mwano, akitetewa na kofia ya polisi.

Sajini Herman anasema: "Nilidhani namsaidia. Nilipiga hata pasi sare. Nilivyoanza kuongea niliona macho yao, nikajua nimemzamisha. Lakini ulimi ukishatoka mlangoni, haurudi kufunga mlango."

Mzee Mageni alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema maneno ambayo Mwabugalu hawajayasahau.

"Kumbe Leodgar ana wenzake. Basi hao wenzake ndio wawe majirani zake."

Adhabu ikapanda kutoka mbuzi hadi fahali. Mpaka atakapotoa fahali, yeye na nyumba yake wametengwa. Asisalimiwe mtu wa nyumba ile. Asiuziwe kitu dukani. Asisagiwe unga mashineni. Asipokelewe pamba yake godaunini. Asipewe moto. Na atakayevunja amri, naye atengwe.

Tusimfanye marehemu malaika. Ng'ombe walikuwepo zizini. Euphrasia alimsihi: "Baba Mektilda, toa fahali. Ni mmoja tu. Ng'ombe anazaliwa." Mama yake, bibi Serafina, aliyekuwa mgonjwa wa nyonga na hawezi kutembea, naye alimsihi. Leodgar akasema: "Sitoi ng'ombe kwa kosa la kuwa kazini. Nikitoa, nimekubali kwamba wale wa stesheni ningewaacha waungue." Alikuwa na haki. Lakini haki yake alikwenda nayo mjini kazini, na adhabu akaiacha nyumbani na wanawake.

Alitaka kuwahamisha. Bibi Serafina akasema haachi kaburi la mume wake. Euphrasia akasema tuvune pamba kwanza.

Mektilda, binti yao wa pekee, alikuwa darasa la sita. Sasa ni mwanamke mzima. Aliniambia: "Watu wanadhani kutengwa ni kupigwa au kutukanwa. Hapana. Ni kimya. Nilikuwa nikisalimu 'mwangaluka' njiani asubuhi, na mtu anapita kama aliyeongea ni upepo. Mama Sikujua, jirani yetu, alikuwa amenilea. Alikuwa akiniona anageukia ukuta. Mama akawa anaongea na kuku."

Na sasa moto. Kijijini kiberiti kikikosekana, moto unaombwa. Mtoto anatumwa na kigae, anakwenda kwa jirani, anarudi na kaa. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu. Lakini nyumba iliyotengwa haipewi moto. Leodgar alileta kiberiti kutoka mjini, alichopata kwa kubembeleza. Bibi Serafina alikuwa mvuta kiko, na kiko hakina subira. Kiberiti kikaisha.

Basi Euphrasia akafanya alichoweza. Akawa hazimi moto kabisa. Alitunza makaa kwenye chungu, akayafunika kwa jivu, akayalaza ndani ya nyumba yasipigwe na upepo. Mke wa mzimamoto. Mke wa yule aliyefundisha vijiji vyote kwamba kaa la moto lisilale ndani ya nyumba. Alijua. Alijua kuliko mtu yeyote wa Mwabugalu. Lakini angepika na nini?

Na pamba iliyokataliwa godaunini ilikuwa wapi? Ndani. Imerundikwa mpaka inagusa nyasi za paa.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri, yenye upepo ule mkavu unaobeba vumbi la mashamba. Euphrasia alikuwa shambani nyuma ya nyumba akimalizia kuchuma. Mektilda alikuwa naye. Bibi Serafina alikuwa amelala ndani. Mlango ulisukumwa na upepo, chungu kikapinduka, au kuku alikipindua. Hakuna ajuaye. Walichoona ni moshi ukitoka kwenye paa, mweupe kwanza, halafu wa manjano.

Euphrasia akapiga mwano.

Aliupiga kwa sauti ile ile iliyokuwa ikiinua vichwa vya ng'ombe. Na Mwabugalu wakausikia. Msije mkadanganywa na mtu. Wakausikia, na wanaume wakainuka. Mguu wa Msukuma ukisikia mwano hauombi ruhusa kichwani. Walishika pinde, wengine ndoo, wakakimbia hadi kwenye mageti ya kaya zao. Hapo wakaona moshi unatoka kwa nani. Hapo miguu ikasimama.

Wakabaki wamesimama, kila mmoja getini kwake. Mwingine ndoo mkononi.

Mektilda anasema: "Nilikimbilia kwa mama Sikujua. Alikuwa na pipa la maji nje, limejaa. Nikamwambia, mama, bibi yuko ndani. Akachukua watoto wake akaingia nao nyumbani, akafunga mlango. Nikachota mwenyewe. Hakuna aliyenizuia. Hata kunizuia wasingeweza, maana kunizuia ni kuongea nami. Nilikimbia na ndoo, nikamwaga, nikarudi, nikachota. Watu wananitazama. Nikawa naona aibu, unaelewa? Naona aibu kama mtu anayecheza ngoma peke yake."

Mama yake alikuwa ameshaingia ndani kumvuta bibi. Aliingia, na paa likashuka.

Dereva wa lori la pamba aliyekuwa akipita barabarani aliuona moshi. Hakuwa mtu wa Mwabugalu, hakuwa na amri ya mtu yeyote shingoni. Akakanyaga mafuta hadi kituo kidogo cha polisi cha barabarani. Kituo kikapiga redio mjini. Herman akawaambia zimamoto na hospitali kabla ya kuwasha gari lake, kama walivyokubaliana. Magari matatu yakatoka pamoja.

Aliyeshika usukani wa Bedford siku ile ni Theonest. Anasema: "Tuliambiwa ni Mwabugalu, upande wa lambo. Leodgar akakaza mkanda wa kofia yake. Halafu akasema, 'Watu watakuwa wameshafika. Mwano umeshapigwa.' Tukienda, akarudia, 'Watakuwa wameshafika.' Alikuwa akijiambia mwenyewe. Nilikanyaga mpaka mguu ukafa ganzi."

Wakafika. Na hapa, wasikilizaji wapendwa, ndipo ninapokosa adabu ya kutosha ya kuisema habari hii vizuri. Kila kitu kilikwenda kama kilivyopangwa kwenye ile meza ya michembe. Polisi walitangulia kuzuia umati. Umati haukuwepo. Nesi Salvina akasimama upande wa upepo, machela tayari. Bedford likapita bila kizuizi, mpira ukanyooshwa, maji yakatoka. Hawakuwahi kushirikiana vizuri namna ile, kabla wala baadaye. Walikuwa wakimwagia majivu.

Leodgar aliingia katikati ya nguzo zinazofuka moshi, akaanza kuinua miti ya paa kwa mikono. Bibi Serafina alikuwa amekufa. Euphrasia alikuwa amelala juu yake, na alikuwa bado anapumua. Wakampeleka kwa Salvina.

Nesi Salvina anasema: "Alikuwa anamtafuta kwa macho. Nikamwita Leodgar, njoo. Akapiga magoti. Mama yule akamwambia, 'Nilipiga mwano, Baba Mektilda. Niliupiga vizuri.' Alikuwa kama mwanafunzi anayeogopa mwalimu atadhani hakufanya kazi yake. Hakusema kingine. Alikata roho kwenye gari kabla hatujafika mjini."

Niliupiga vizuri.

Sajini Herman alipita nyumba hadi nyumba. Mlisikia? Hatukusikia. Mlikuwa wapi? Shambani. Kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, siku ile kilikuwa kiziwi na kilikuwa shambani. Mashtaka hayakusimama. Nani ashtakiwe kwa kusimama getini kwake?

Kesho yake asubuhi mzee Mageni alikuja na wazee wenzake. Hawakuvuka uzio. Akasema kwa upole, na upole ule ndio unaoniudhi mpaka leo: "Leodgar, toa fahali sasa, tuje tukuzikie watu wako. Wafu hawangoji."

Leodgar alimtazama. Akamjibu: "Uliniambia nina majirani zangu. Nimewaita."

Waliochimba makaburi yale ni Theonest na zimamoto wenzake. Ni Sajini Herman, amekunja mikono ya ile sare aliyoipiga pasi. Ni dereva wa gari la wagonjwa. Ni Nesi Salvina na wauguzi wenzake walioosha maiti na kuzivika sanda. Padri akaja, akazika. Kijiji kikatazama kutoka mbali. Wanawake wengine, nasikia, walilia ndani kwa ndani, wakifunika midomo kwa khanga ili amri isisikie.

Adhabu haikudumu sana baada ya hapo. Mageni aliifuta mwenyewe bila kudai fahali. Labda dhamiri, labda aibu, labda hakuna aliyekuwa amebaki wa kutengwa, maana Leodgar alimchukua Mektilda wakahamia mjini.

Lakini hakuacha kazi. Na mwaka uliofuata, ghala la mzee Mageni liliwaka. Ndiyo, Mageni huyo huyo. Mwano ukapigwa, kijiji kizima kikafika na ndoo na matawi mabichi, kama walivyofundishwa. Bedford likafika. Aliyeshuka wa kwanza alikuwa Leodgar. Alifanya kazi yake yote. Alitoa watu, alikata paa, aliokoa nyumba kubwa na nusu ya mahindi. Walipomaliza, Mageni alimletea maji kwenye kata, ameishika kwa mikono miwili, amepiga goti moja. Mtemi wa walinzi, mbele ya watu wake.

Leodgar akaipokea ile kata. Akatafuta kaa moja lililokuwa bado linafuka moshi, akalimwagia maji yale polepole mpaka likanyamaza. Akamrudishia kata. Akapanda gari.

Tangu siku ile, mpaka kifo chake, Leodgar aliitikia kila mwano wa Mwabugalu, na hakuitikia salamu hata moja. Ya mzee wala ya kijana. Kijiji kilikuwa kimemfungulia, na yeye akawa amewafungia. Mektilda anasema siku moja walikwenda kufyeka makaburi, mtoto mdogo wa kike akapita na ndoo kichwani, akapiga goti, akasema, "Shikamoo, babu." Mtoto ambaye siku ya moto alikuwa hajazaliwa. Leodgar akaendelea kufyeka. Mtoto akasimama pale akingoja marahaba yake. Akangoja. Halafu akaondoka.

Tutasema nini, wasikilizaji? Yule mtoto alikosa nini? Nampenda marehemu, lakini siku ile alikosea. Ukatili una tabia hiyo, ukikaa kwako sana unaanza kuwasalimu wageni kwa niaba yako.

Moshi alioumeza miaka yote ulikuja kudai kifua chake. Alilazwa, akauguzwa na Salvina, akafariki asubuhi Herman akiwa ameshika mkono wake. Alikuwa ameacha neno moja: azikwe Mwabugalu, katikati ya wanawake wake.

Na sasa ndio mwisho, na huu nimeuona kwa macho yangu.

Tulipowasili na jeneza, kijiji chote cha Mwabugalu kilikuwa kinakuja. Wanaume na majembe, wanawake na kuni, unga na maji kichwani, kama desturi ya msiba inavyotaka. Mbele yao mzee Mageni, sasa amekongoka, anashika fimbo. Nyuma yake anavuta kamba, na kwenye kamba kuna fahali.

Mektilda akatoka akasimama kwenye uzio. Mama Sikujua alikuwa nyuma tu ya Mageni, na pipa la maji wamelibeba watu wawili. Lile lile.

Mektilda akawaamkia wote, "Shikamooni." Wakaitika kwa sauti moja, wengine wakaanza kulia hapo hapo, wakidhani yameisha. Kisha akasema, bila kupaza sauti:

"Kaburi limeshachimbwa. Wamechimba majirani zake. Ninyi simameni pale mliposimama siku ile."

Hakuna aliyebisha. Mzee Mageni aligeuka wa kwanza. Wakarudi, mmoja mmoja, kila mtu getini kwake. Wakasimama. Tulizika, tukasali, tukafukia, na jua likawa kali, na wao wamesimama, wazee kwa watoto, na ndoo zao zimejaa maji. Tulipoondoka jioni, bado walikuwa wamesimama. Fahali alikuwa amefungwa kwenye uzio. Hakuna aliyekuja kumchukua.

Kwa Mektilda, kwa kikosi cha zimamoto cha Shinyanga, kwa Sajini Herman, Nesi Salvina na Theonest, tunatoa pole. Mungu awape nguvu, naye Leodgar ampumzishe pale alipotaka kulala. Na kwenu wana Mwabugalu, najua mnasikiliza. Nanyi poleni.

Wasikilizaji wapendwa, sina wimbo wa kuwapigia leo. Nina ombi tu. Kabla hamjainuka, punguzeni sauti ya redio zenu. Msikilize nje.